Bibi Harusi Aliyerudishwa

Sipendi kuulizwa maswali nikiwa kwenye usukani, na asubuhi ile Daktari aliniuliza maswali njia nzima. Eti kifaru amesimama au amelala? Eti matairi yana upepo? Eti daraja litatubeba? Nikamwambia, "Daktari, kazi yako sindano, kazi yangu usukani, tusiingiliane." Nilianza kuendesha lori la wanyama yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu na mama yake. Nimebeba nyati, nimebeba twiga, nimebeba mamba aliyefungwa mdomo, na sijaangusha hata swala. Kazini wananiita Breki kwa sababu sikanyagi breki ghafla mnyama akiwa nyuma.

Nyuma siku ile alikuwemo Bibi Harusi, kifaru jike, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli mbili. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya safari yenyewe. Hifadhi yetu na ya jirani ni pori moja lililokatwa katikati na mto, na mto ndio mpaka wa nchi mbili. Tembo hawajali. Asubuhi wanakula kwetu, jioni wanakunywa kwao, hakuna anayewadai pasi. Ila vifaru walikuwa wamemalizwa na majangili pande zote, sisi tukabaki na jike mmoja, wao wakabaki na dume mmoja. Mjinga gani haoni la kufanya hapo? Wakubwa lakini walikaa vikao miaka na miaka, wakanywa chai, wakapigana picha, mpaka siku moja wakakubali jike avuke akaolewe. Tangu hapo sisi na askari wa wanyamapori wa ng'ambo tukawa tunaitana wakwe. Mkuu wao wa doria, mtu mrefu anayecheka kwa tumbo zima, hata simjui kwa jina lingine. Ni Mkwe tu.

Aliyemlea Bibi Harusi ni binti yangu, kitinda mimba wangu, ambaye hata kazini wanamwita Kitinda. Majangili walipomuua mama wa kile kifaru, kitoto kilikuwa hakijajua kula majani. Kitinda ndiye aliyekinywesha maziwa kwa chupa, akalala nacho zizini, akanuka kama chenyewe. Mama yake alikuwa akilalamika, "Watoto wa wenzangu wana wachumba, wangu ana kifaru." Siku ya safari alimtania, "Haya, mwenzako anaolewa, wewe unasindikiza." Kitinda akacheka, akavaa sare yake ya askari wa hifadhi, akapanda nyuma ya lori.

Darajani tulipita bila shida. Upande wa jirani kuna kizuizi cha jeshi, na pale tunamjua Sajini, mzee mwenye pengo la meno ya mbele, ambaye kila tukipita anadai soda na kila tukirudi tunampa. Siku hiyo alikuwapo pia luteni mpya, kijana mwenye kola iliyonyooka, akatuhesabu kwa kidole: dereva, daktari, askari mmoja, kasha moja. Hakutabasamu. Nikamwambia Daktari, huyu hajalala vizuri, twende zetu.

Wakwe walikuwa wametujengea boma la magogo karibu na mto. Dume lao liko mbali, ndani kabisa ya pori, na ilipangwa kwamba bibi harusi akae kwanza bomani azoee harufu ya nchi, halafu tuje tena na lori tumpeleke kwa mumewe. Wao hawana lori la namna hiyo. Tukalirudisha lori nyuma mpaka mlangoni, tukafungua kasha, na Kitinda akasimama kando ya nguzo akimwita kwa ile sauti ya puani aliyomzoesha tangu utoto. Bibi Harusi akatoka taratibu, akanusa hewa. Mkwe akapiga kigelegele cha kiume, kibaya kweli, sote tukacheka.

Hapo ndipo ndege ya jeshi ilipopita chini chini juu ya mto. Kwa nini ndege ya kivita ipite kwenye hifadhi, hatukujua. Kishindo kilimgeuza mnyama palepale alipo, na Kitinda alikuwa kati yake na nguzo. Hakumpiga kwa pembe. Alimbana tu kwa ubavu, mara moja, kisha akaenda pembeni akaanza kula majani makavu kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi sikumbuki nilivyoruka uzio. Nakumbuka Daktari amepiga magoti, sikio lake kifuani kwa mwanangu, na povu la rangi ya damu mdomoni mwa mwanangu. "Mbavu zimevunjika," akasema. "Moja imetoboa pafu. Anatakiwa hospitali, tena sasa hivi." Nikamfokea, "Si wewe ni daktari? Mpe dawa!" Akaniangalia kwa huruma iliyonitia hasira zaidi. "Mzee Breki, dawa niliyonayo mimi ni ya kulaza kifaru. Tone moja linaua mtu."

Basi twende hospitali. Yetu iko ng'ambo tu ya daraja, ukisimama katikati ya daraja unaona bati lake. Tulikuwa tunamnyanyua Kitinda kwenye turubai wakati Mkwe alipokuja mbio, redio mkononi, uso umembadilika.

"Wamefunga daraja," akasema.

"Nani?"

"Wakubwa. Wetu na wenu. Wamegombana."

Wamegombana juu ya nini, unajua? Kuna kisiwa cha mchanga mtoni kule chini. Masika hakipo, kiangazi kinatokea, hata kuku hawezi kutaga pale. Kila serikali ikasema ni chake. Haki ya Mungu, watu wazima wenye suti! Nchi mbili zilipeleka majeshi kugombania mchanga, na mtoto wangu yuko kwenye turubai anakohoa damu.

Mkwe akanieleza amri ilivyo. Lori la wanyama, dereva wake na daktari wake wanaruhusiwa kurudi siku hiyohiyo, kwa kuwa safari ilikuwa ya makubaliano. Lakini mtu yeyote wa kwetu mwenye sare haruhusiwi kupita, awe askari wa jeshi au wa kulinda swala. Akionekana anachukuliwa. "Wao wanasema atahifadhiwa," Mkwe akasema. Nikamjibu kwamba sisi ndio watu wa hifadhi, tunajua maana yake, ni kufungiwa bomani.

"Hospitali yenu je?"

"Ni mwendo wa siku nzima, na barabara imejaa vifaru. Si hivi vyetu. Vile vya mizinga."

"Tumvue sare tumfunike turubai nyuma."

"Luteni amewahesabu asubuhi. Kasha tupu watalifungua walichungulie mpaka chini. Leo wanachungulia hata mitungi ya maji."

Daktari akashika kichwa. Kitinda akakohoa, akajaribu kuvuta pumzi, ikakatikia njiani. Na mimi nikasema. Hakuna aliyenishauri, nisije nikamsingizia mtu. Nilisema, "Kasha tupu linafunguliwa. Kasha lenye mnyama halifunguliwi."

Hiyo ni sheria ya pande zote mbili, na aliyeipigania ni Kitinda mwenyewe. Zamani askari wa darajani walikuwa na tabia ya kufungua makasha ili wapate cha kuwasimulia watoto wao. Siku moja wakafungua la nyati, na nyati akaondoka na kizuizi shingoni. Toka siku hiyo kasha lenye mnyama hupita na kufuli zake mpaka linakokwenda.

Mkwe akanielewa upesi kuliko Daktari. "Utasema Bibi Harusi anarudi."

"Nitasema mmemkataa. Nchi zimegombana, posa imevunjika. Wataipenda hiyo."

"Na Bibi Harusi mwenyewe?"

"Si yuko kwako? Wewe na watu wako mnajua yuko hapa."

"Sisi tunajua," Mkwe akasema. Halafu akarudia polepole, "Sisi tunajua." Alitaka kuongeza neno, nikamwona, nikamgeuzia mgongo. Ningesikiliza neno gani saa ile? Akalimeza, akatusaidia kumbeba. Kuhusu askari wetu aliyehesabiwa asubuhi, akasema atadai alimkamata yeye, kisha akamponyoka, akajitosa mtoni. Mto una mamba, hakuna atakayejisumbua kumtafuta.

Tulimlaza Kitinda juu ya majani makavu ndani ya kasha. Daktari alimfunga kifua kwa vitambaa, akamwinua kichwa. Nilipotaka kufunga mlango akanishika mkono. "Baba, giza."

"Ni la muda mfupi, mama. Daraja tu hilo."

Nikafunga kufuli ya kwanza, nikafunga ya pili. Mikono yangu ilikuwa inafanya kazi iliyoizoea.

Luteni alikuwa amesimama katikati ya barabara. Akaniuliza mbona tunarudi na mzigo. Nikashuka, nikavaa uso wa kuonewa, uso ambao siku hiyo haukunigharimu kitu. "Afande, mmetukatalia mchumba. Mnatutukana, halafu mnataka tuwaachie binti yetu? Tunarudi naye kwetu."

Akacheka. Nilimwona anavyoifurahia habari ile, anavyoipanga kichwani jinsi atakavyoipeleka kwa wakubwa. Akauliza askari wetu yuko wapi. Nikasema amekamatwa na mkuu wa doria wenu, kamuulizeni. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaanza kulizunguka kasha. Akalipiga kwa fimbo. Kimya.

"Kifaru gani huyu hatingishi hata lori?"

Daktari alikuwa ameketi mbele, jasho linamchuruzika mpaka kwenye miwani. Mimi nikaenda nikalipiga kasha kwa kiganja, kwa ule mpigo anaoutumia Kitinda akienda kulisha, nikapiga kelele, "We Bibi Harusi! Hujasikia unasalimiwa?"

Nikangoja. Hakuna kitu. Nikapiga tena, na safari hii sauti yangu ilitoka vibaya, "Jibu, mwanangu, jibu mkubwa anakusalimu!"

Na kutoka ndani ikaja. Pumzi ya pua, nzito, ndefu, halafu mkoromo, halafu teke kwenye bati lililomfanya luteni arudi nyuma hatua mbili. Nimeishi na vifaru. Ningekuwa sijui, ningesema ni kifaru. Mtoto ana pafu lililotobolewa, hana pumzi ya kusema neno, ameitoa wapi ile? 

Luteni akajifanya hakuogopa. "Sajini! Panda umpe maji. Akifia njiani watasema tumewaulia."

Juu ya kasha kuna kidirisha cha hewa. Sajini akachukua dumu, akapanda ngazi ya ubavuni huku akihema, akafungua kidirisha, akachungulia. Akakaa vile. Mimi nilimtazama mgongo wake, shati lililolowa jasho kati ya mabega, nikasema moyoni, tumekwisha. Kisha nikamwona anainamisha dumu. Hakumwaga. Alitiririsha maji kidogo kidogo, kwa mkono uliotulia, kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Akafunga kidirisha, akashuka.

"Yumo?" luteni akauliza.

"Yumo, afande. Amechoka sana."

Akapita karibu yangu kwenda kuinua kizuizi. Hakunitazama. Alisema neno moja tu, "Wahi."

Nikawahi. Breki asiyekimbiza lori alilikimbiza siku hiyo mpaka Daktari akaanza kusali kwa sauti. Kwenye kizuizi chetu wanaujua ule uso wangu, walifungua bila kuuliza. Tulivunja kufuli uani mwa hospitali kwa sababu funguo zilinidondoka mchangani na sikuweza kuziona. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya buluu. Wauguzi wakamkimbiza ndani, wakamtia mrija kifuani, wakampasua, na mimi na mama yake tukakaa kwenye benchi la nje. Daktari wa watu alipotoka akasema ataishi. Mke wangu alilia, mimi nikamgombeza mhudumu kwa sababu ya kutupitishia ndoo miguuni. Ndivyo nilivyo.

Jioni redio ya ng'ambo ikatangaza ushindi wao. Jeshi limelinda mpaka, jeshi limefukuza wapelelezi, na kwa kuonyesha kwamba hawahitaji chochote kutoka kwetu, wameturudishia hata kifaru wetu. Wodi nzima ilicheka. Na mimi nilicheka, kwa kweli. Niliona nimezipiga chenga serikali mbili kwa lori moja.

Kitinda alipoweza kusema, hakuomba maji. Alinitazama muda mrefu, mrija unatoa maji mekundu ubavuni mwake.

"Baba, mimi nimevuka kama Bibi Harusi?"

"Umevuka, hilo ndilo la maana."

"Kama mimi ndiye yeye, yule kule ni nani?"

Nikamwambia apumzike. Nikamwambia Mkwe yupo. Akafumba macho, lakini hakuwa amelala, mimi baba yake namjua.

Mkwe alikuwa na kilima chake kule ng'ambo ambako simu yake inashika mtandao wa kwetu. Akapiga. Safari hii hakucheka. "Mkwe, wameniondolea walinzi wa boma. Nimewaambia wakubwa nawahitaji, wameniuliza walinde nini. Kifaru si amerudi kwao? Redio haikusema? Wamewapeleka wote mtoni wakalinde mchanga. Nimebaki mimi na shemeji yangu, tunapokezana, na bunduki tumenyang'anywa."

"Waambie ukweli kwamba yupo!"

"Nikisema yupo, wataniuliza kilichovuka kwenye kasha ni nini. Na aliyechungulia kwenye kasha ni nani?"

 Nilimfokea, nikakata simu, nikampigia tena, nikamwomba radhi, akasema hamna neno, mkwe.

Nikaenda kwa Mhifadhi Mkuu wetu, ambaye anajua kila kitu, maana alilikuta kasha uani lina damu badala ya kifaru. Nikampigia meza. "Wewe ndiye mkubwa. Piga simu, sema tuna mnyama wetu kule, wamlinde!" Akaniacha nimalize. Akasema taratibu, "Breki, nikiuliza habari za kifaru ambaye jeshi lao limetangaza kumrudisha, nimesema jeshi lao limedanganywa. Watamtafuta aliyedanganya. Wewe uko huku, hawakufikii. Yule sajini wako yuko kulekule. Wakati huu hawamfungi mtu kama huyo, wanampiga risasi." Kisha akainamisha uso mezani. Miaka yote aliyokaa vikao kwa ajili ya yule kifaru, na sasa hakuna hata mtu wa kumwambia yuko wapi. Kwetu hayupo kwa sababu hayupo. Kwao hayupo kwa sababu wamesema hayupo. Pembe anayo, na majangili hawasikilizi taarifa ya habari.

Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu, nakwenda darajani kusema. Liwalo na liwe. Alikuwa anakunja nguo za Kitinda za kupeleka wodini. Akasema, "Nenda. Ila yule mtu alimwona mwanangu akanyamaza. Na yeye amezaliwa, na yeye ana mama." Akaendelea kukunja.

Nikaenda, kwa miguu, mchana kweupe, nimejipangia maneno. Sajini alikuwa kwenye kizuizi chao, ameketi juu ya tairi, anakula. Aliponiona akasimama, akafuta mdomo. Tulikuwa tumetenganishwa na bomba moja la chuma.

"Kifaru wako mzima?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mzima. Ameanza kunywa uji."

Akatabasamu, pengo lake lote likaonekana. "Mungu mkubwa. Sikulala, mzee. Haki, sikulala."

Maneno yangu yote yalikuwa tayari mdomoni. Luteni akatoka kwenye hema, akauliza kwa ukali mzee huyu anataka nini. Nikamtazama luteni, nikamtazama Sajini aliyekuwa bado ana tonge mkononi. Nikasema, "Nimekuja kuuliza, siku ile niliangusha kofia yangu. Hamkuiona?"

Wakasema hawakuiona. Nikageuka. Nilipofika katikati ya daraja nilikaa chini, mtu mzima na mvi zangu, nikalia kwa hasira mpaka askari wetu akaja kuniinua. Nilijua nimekwenda kumsaliti mmoja na nimerudi nimemsaliti mwingine, na sikujua njia nyingine ilikuwa wapi.

Mkwe alishikilia mpaka walipomchukua na yeye kwenda mtoni. Alipiga simu kabla hawajamchukua. Shemeji yake alikuwa ameshakimbia. Akasema, "Nimefungua mlango wa boma. Bora atembee, pengine atavuka mto aje kwenu mwenyewe. Nimemfukuza kwa mawe, mkwe. Mimi, nimempiga mawe bibi harusi wenu." Nikasikia anavuta kamasi. "Haendi. Anakwenda hatua chache, anarudi mlangoni pale lori lilipomwacha. Anasimama anangoja."

Nikamwambia aendelee kumpiga. Akasema wanajeshi wamekuja kumchukua, akakata.

Habari zilitufikia kupitia kwa wachungaji waliovuka na ng'ombe wao. Walimkuta amekufa, hatua chache tu kutoka mlangoni mwa boma. Pembe hazipo. Walisema nyayo zake hazikuonyesha kukimbia wala kupigana. Zilitoka mlangoni zikaenda moja kwa moja mpaka walipokuwa wamesimama majangili. Alikwenda kuwapokea. Alilelewa na mtu, kwa chupa, hakuna aliyemfundisha kuogopa watu.

Nilimwambia Kitinda mwenyewe. Mama yake alitaka tungoje apone, Daktari alitaka tungoje apone. Nikasema hapana, huyu ni askari, ataulizia kila siku na mimi siwezi kuongopa tena, uongo wangu umekwisha. Nilikaa kwenye kiti kando ya kitanda. Mrija walikuwa wameshautoa. Nilimwambia yote, daraja, redio, walinzi, Sajini, kofia, mawe, nyayo. Hakunikatiza. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, nikaushika, hakuutoa wala hakunishika.

"Nani alikuwa zamu?" akauliza.

"Hakuna mtu."

Akatazama dari. Alivuta pumzi, na nilisikia jinsi bado inavyomkwaruza.

"Ungeniacha, baba."

Hapo nilikasirika. Nilisimama, kiti kikaanguka, wagonjwa wakageuka. "Nikuache? Nikuache! Unajua unasema nini? Ningekwenda kumwambia nini mama yako?"

"Ungemwambia nilikuwa zamu."

Aligeukia ukutani, upande wa mbavu zilizovunjika, upande ambao wauguzi walimkataza kabisa kuulalia. Nikaokota kiti. Nikakaa. Kama daraja lingekuwa mbele yangu saa ile, na kasha, na yeye anakohoa damu, ningefunga kufuli zilezile mbili, na alijua hivyo, na ndiyo sababu hakunigeukia tena.